Mguu Uliopanda Behewa la Nyuma

Watu wa nyumbani wakiniuliza masomo ya ng'ambo yalikuwaje, wanataka niwaambie habari za maghorofa na baridi. Baridi ilikuwepo, sikatai, ilinipasua midomo. Lakini mimi nikikumbuka miaka ile, kinachonijia kwanza ni mguu wa bibi mmoja uliotupotea kwenye treni, na mwenzangu aliyekaa ametulia tuli wakati mimi nataka kupasuka. Hata leo nikisimulia presha inanipanda, kwa hiyo mkinisikia napaza sauti mnivumilie.

Mwenzangu huyo tulimwita Taratibu. Tulitoka nchi moja, tukafikia chuo kimoja, tukasomea kazi moja: kutengeneza miguu ya bandia. Jina alilipata wiki ya kwanza pale karakana, mwalimu alipompa kila mmoja wetu kipande cha mti achonge kisigino. Sisi wengine tulimaliza, tukaenda kunywa chai, tukarudi, tukamkuta bado anapapasa kipande chake kwa kidole gumba, macho kayafumba. Mimi yeye aliniita Kiberiti, na sababu mtaiona wenyewe.

Mama yake alikuwa na mguu mmoja. Wa pili ulikatwa juu ya goti baada ya ajali, Taratibu akiwa bado shule ya msingi. Alipewa mguu wa msaada, mzito, uliotengenezwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Aliuvaa siku chache ukamchubua, akautundika nyuma ya mlango, na tangu hapo anatembelea gongo. Kila Jumapili alikuwa anapiga simu, na salamu hazijaisha anauliza, "Mwanangu, mguu wangu umefikia wapi?"

Mwaka wa kwanza, tulipokuwa tunajifunza nyayo, Taratibu alimjibu, "Umefika kisiginoni, mama." Baadaye akamwambia umefika kwenye kifundo. Mama anacheka mpaka simu inakwaruza. Mwaka wa pili tulisomea miguu iliyokatwa chini ya goti, na wa tatu ndio wa juu ya goti, huo aliokuwa anausubiri mama. Sasa, kuingia mwaka wa tatu kulikuwa na mlango mmoja tu, mtihani wa vitendo. Unapewa mgonjwa, unampima, unamtengenezea mguu, unaupeleka mwenyewe hadi kwake, na mtahini anakuja kumwona akitembea juu ya sakafu yake na ngazi zake mwenyewe. Hakuna kurudia. Ukikosa, ufadhili umekatika, fungasha virago. Taratibu akianguka siku ile, mama yake anabaki na gongo.

Mgonjwa wangu mimi alikaa karibu na chuo, nikamaliza mapema, nikafaulu. Taratibu alipangiwa bibi mmoja wa mji mdogo wa mbali, mpishi mstaafu wa shule, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Nikasema nitamsindikiza. Lugha ya kule niliimudu kuliko yeye. Yeye anasema neno, anapumzika, anatafuta lingine.

Na mguu wenyewe ulikuwa mzuri jamani, tuseme ukweli. Kile kikombe ambamo mguu halisi unaingia alikilainisha mpaka ukipitisha shavu husikii ukingo. Aliuvalisha kabisa kiatu cha Bibi, cha kahawia chenye kifungo cha pembeni, maana urefu wa kisigino cha kiatu ndio unaoamua mguu usimame vipi. Akaufunga kwenye blanketi la mtoto, akaulaza ndani ya begi refu.

"Usigongwe tu," akaniambia. "Ukigongwa unyayo unaweza kugeuka kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachomwangusha mtu."

"Ubebe kama yai basi, lakini tembea!" nikamwambia. Treni inataka kuondoka, na yeye anafunga zipu kama anamfunga mtoto shati.

Tuliingia stesheni mbio. Jukwaani kulikuwa na ubao mkubwa wenye maelezo ya treni ile, lakini nani asimame ausome? Tulirukia behewa lililokuwa karibu, mlango ukafungwa nyuma yetu.

Behewa limeshona watu. Taratibu alipata kiti kimoja dirishani, akalilaza begi kwenye kichanja cha mizigo juu yake. Mimi nikaenda mbele kutafuta nafasi. Stesheni iliyofuata akapanda mzee mmoja mwembamba, koti kalifunga vifungo hadi shingoni, mkononi ana mfuko wa machungwa. Vijana wa kule walikuwa wanatazama simu zao. Taratibu akasimama. Sisi kwetu hukai kitini umri wa baba yako umesimama mbele yako, hata kama miguu inakuwaka moto.

Wakati huo mimi nimeshapata viti viwili behewa la mbele, nikamtumia ujumbe aje. Akatazama kichanja, akatazama ile njia ya katikati ilivyojaa viwiko na masanduku. Akaona akiupitisha mguu pale utagongwa tu. Basi akamwinamia yule mzee, akamwambia kwa lugha yake ya kupumzikapumzika, "Mzee, naomba uniangalizie mzigo wangu. Mimi nipo hapo mbele."

Mzee akalitazama begi, akamtazama na yeye. "Nitauangalia," akasema.

Na Taratibu akaja kwangu mikono mifukoni. Nikamuuliza begi liko wapi, akasema amemwachia mzee fulani. Mnadhani nilishtuka? Sikushtuka hata kidogo. Sisi tumekulia kwenye "niangalizie". Unamwambia jirani niangalizie mtoto, niangalizie chungu jikoni, niangalizie meza yangu ya biashara naenda msalani, na humuulizi mtu jina. Wanafunzi wenzetu wa kule walikuwa wanafunga mabegi yao kwa minyororo kwenye miguu ya viti. Mimi nikatoa mkate wangu nikala.

Treni ikasimama kwenye stesheni kubwa ya njiapanda, ikakaa. Tukasikia mtikisiko mmoja, kisha tukaendelea na safari. Baada ya muda Taratibu akainuka kwenda kuutazama mguu. Akarudi. Hata kurudi kwenyewe alirudi polepole.

"Kiberiti," akasema, "behewa la nyuma halipo."

"Halipo vipi?"

"Halipo."

Nikaenda mwenyewe. Mwisho wa behewa letu kulikuwa na mlango wa kioo. Nikaweka uso pale nikaona reli tupu zinarudi nyuma na majani pembeni yake yanapepea. Nikashika kitasa nikatikisa kama mwendawazimu, kimefungwa. Mama mmoja aliyekuwa anafuma sweta karibu na mlango akaniambia bila hata kuinua macho, "Treni hii hugawanyika pale njiapanda. Mbele wanakuja huku, nyuma wanakwenda mji mkubwa upande wa pili. Imeandikwa kwenye ubao." Nusura nimnyang'anye sindano zake.

Tulishuka kituo kilichofuata, kituo kidogo chenye ofisi moja na ua la plastiki dirishani. Mkuu wa stesheni alikuwa mtu mwema, akaacha chai yake akapiga simu mji mkubwa. Tukamtazama mdomo. Akasikiliza, akaitikia, akauliza tena, kisha akaweka simu chini.

"Mabehewa yameshafika na yameshakaguliwa," akasema. "Vichanja ni vitupu. Hakuna begi."

"Kaiba!" nikapiga kelele kwa lugha yetu. "Yule mzee wako kaiba!"

"Hakuiba," akasema Taratibu.

"Umejuaje? Unamjua jina? Unajua kwake?"

"Simjui. Nilimwomba akakubali."

"Alikubali! Wewe mtu wewe! Mama yako anasubiri mguu juu ya gongo, wewe umempa mtu wa machungwa!"

Maneno hayo yalimwingia, niliona. Uso ulimbadilika, akakaa kwenye benchi akaangalia viganja vyake. Roho ikaniuma, lakini hasira zangu zikishawaka hazizimiki upesi. Nikamwambia twende wote mji mkubwa tukamsake huyo mzee, mtaa kwa mtaa. Akatikisa kichwa.

"Bibi ananisubiri mimi," akasema. "Mtahini akifika hanikuti, Bibi ajibu nini? Wewe nenda kwa mzee. Mimi naenda kwa Bibi."

"Unakwenda mikono mitupu kwenye mtihani?"

"Nakwenda kuwaambia."

Treni yake ikatangulia. Nikamwona dirishani, amekaa wima, hana mzigo wowote magotini, na nilitamani kulia na kumpiga kofi kwa pamoja.

Nikapanda treni ya kwenda mji mkubwa. Njia nzima nilimwona mwizi wangu anafungua zipu mahali fulani pa kificho, anakuta mguu wa mtu wenye kiatu, anaruka, anautupa kwenye pipa la taka. Nikaanza kupanga nitaanzia mapipa gani. Nilimtukana yule mzee matusi yote niliyoyajua kwa lugha zote mbili, na yakiisha narudia.

Nikashuka. Jukwaa lilikuwa jeupe, watu wameshatawanyika. Kule mwisho kabisa kulikuwa na benchi la chuma, na juu ya benchi amekaa mzee mwembamba mwenye koti la vifungo, begi letu amelilaza magotini, mikono yote miwili juu yake. Mfuko wa machungwa uko chini miguuni. Mbele yake amesimama mlinzi wa stesheni, mtu mpana, kashika kamba ya begi upande mmoja. Wanavutana.

"Mzee huyu ananisumbua tangu treni ilipofika," mlinzi akaniambia nilipofika natweta. "Mizigo iliyosahaulika inapelekwa stoo. Stoo inafunguliwa Jumatatu."

"Haujasahaulika," akasema mzee. "Nimeachiwa."

Nilitaka kumbusu viatu. Badala yake nikalidaka begi. "Ahsante mzee, Mungu akubariki, ni letu, lete!"

Mzee akalivuta. Ana nguvu, acheni mchezo. "Wewe sikukuona," akasema.

"Mimi ndiye mwenzake! Yule kijana mweusi mrefu, aliyekupa kiti!"

"Kijana aliponiomba alikuwa peke yake."

Na ni kweli, alikuwa peke yake, mimi nimeshatangulia mbele. Nikasema, "Haya, nitakwambia kilichomo. Kuna mguu!" Mlinzi akaiachia kamba akarudi nyuma, mkono kiunoni kwenye redio. Ikabidi zipu ifunguliwe. Blanketi likafunuliwa, kiatu cha kahawia kikachomoza na kifungo chake, soksi nayo imevutwa vizuri hadi juu. Mlinzi akanong'ona, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamweleza ni wa bandia, mwenyewe ni bibi anausubiri, na leo ndiyo leo, mtihani uko alasiri. Mzee alisikiliza yote. Akaufunika mguu, akafunga zipu.

"Sasa ndiyo kabisa," akasema. "Mguu wa mtu siwezi kumpa yeyote anayekuja anakimbia."

Nikampigia Taratibu. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, haina picha wala nini. Nikamwekea mzee sikioni, nikasikia sauti ya Taratibu inamwambia kwa adabu kwamba ampe huyo dada. Mzee akaisogeza simu mdomoni.

"Simu haina uso, kijana," akasema. "Uko wapi? Haya. Nitakuletea mwenyewe."

Akanirudishia simu, akasimama, akajipachika begi begani, akaokota machungwa yake. Nikamwomba nimsaidie kubeba, akakataa. Mzee huyo alikuwa anatembea kama wanamlipa kwa kuchelewa. Nilikuwa naenda mbele, narudi, naenda mbele, narudi, kama mbwa aliyetolewa matembezi. Tulipata treni mlango unafungwa. Nikajisemea moyoni kwamba Mungu alikuwa na Taratibu mmoja akaona hatoshi, akaniongezea wa pili.

Tulipofika njiapanda kubadilisha treni, mzee alisimama chini ya saa ya stesheni akaitazama kwa muda mrefu. Nikadhani amechoka. Sikumuuliza kitu. Mimi nilikuwa na saa yangu ya kutazama, na hiyo haikunipa habari nzuri.

Yaliyotokea huku nyuma niliyapata baadaye kwa Bibi mwenyewe, na Bibi kwa kusimulia hana mpinzani. Anasema Taratibu aliingia, akaamkia, akamwambia pale pale mlangoni kwamba ameuachia mguu wake kwa mtu kwenye treni na hajui utafika saa ngapi. Bibi akataka kukasirika, lakini kijana tayari amepiga magoti anamkagua ngozi ya sehemu ya mguu iliyobaki, anauliza panauma hapa, na hapa je. Mtahini alipofika, mwanamke wa maneno machache mwenye mkoba mweusi, akaambiwa habari ile ile bila kupunguzwa.

"Basi langu linaondoka jioni," akasema mtahini. "Likifika nami naondoka. Siwezi kutahini mguu usiokuwepo."

Hapo Bibi akaingia kazini. Akamkaribisha chai. Akamtolea picha za harusi yake, kisha za harusi ya dada yake, kisha za wanafunzi wa shule aliyopikia miaka yake yote, darasa moja baada ya jingine, na kila mtoto ana kisa chake. "Nilimshika mpaka koo likanikauka," aliniambia.

Nilipopiga kona ya mtaa ule nikamwona mwanamke mwenye mkoba mweusi amesimama nje ya geti, koti ameshavaa, anatazama upande wa barabara kuu. Nikakimbia. "Mguu huo unakuja!" nikapiga kelele, watu wakachungulia madirishani. Nyuma yangu mzee anakuja kwa mwendo wake, begi begani. Mtahini akatazama barabara, akamtazama mzee. Akavua koti.

Mzee alipita mbele yangu, akaingia hadi sebuleni, akamtafuta Taratibu kwa macho mpaka akampata. "Mzigo wako," akasema. Akamkabidhi mkononi, akaenda kukaa kiti cha pembeni, machungwa juu ya mapaja.

Taratibu alimvalisha Bibi mguu. Bibi akashika kiti, akainuka, akasimama kwa miguu miwili kwa mara ya kwanza tangu akatwe. Akapiga hatua, ya pili, ya tatu. Akageuka uso unang'aa. "Sawasawa!" akasema. "Umenikaa kama nimezaliwa nao! Andika, mama, andika!"

Mtahini akafungua kalamu.

"Bado," akasema Taratibu. "Bibi, kaa kidogo."

Mnisikie vizuri. Basi limeshaanza kusikika huko mbali, mgonjwa mwenyewe amesema sawasawa, kalamu iko juu ya karatasi, na mtu anasema bado! Nilijibana mdomo kwa mkono. Bibi akamkonyeza akubali. Hakukubali.

"Unanyanyua bega la kushoto," akamwambia. "Unauonea huruma mguu. Mguu huu una kasoro."

Akauvua, akaupindua, akafunga jicho moja akautazama. Ulikuwa umegeuka kidogo pale kwenye unyayo, bila shaka wakati mzee na mlinzi wanavutana. Akatoa kifunguo chake mfukoni, akalegeza, akasogeza upana wa kucha, akatazama, akasogeza tena. Basi likapita barabara kuu, likapiga honi, likaenda. Mtahini alilisikia kama nilivyolisikia mimi.

Safari ya pili Bibi hakusema sawasawa. Alitembea sebuleni kimya, mabega yamelala, akafungua mlango, akashuka ngazi za mbele mkono ukiwa juu ya ukuta, kisha mkono ukauacha ukuta. Akaenda hadi getini. Akalishika geti kwa mikono miwili, akakaa pale anatazama mtaa, na tukaona mgongo wake unatikisika. Hakuna aliyemfuata. Analia, basi alie, ni geti lake.

Mtahini aliandika kwa muda. "Umefaulu," akamwambia Taratibu. "Na nimekukata alama, kwa kumwachia mtu usiyemjua mguu wa mgonjwa."

Mzee akainua kichwa kule pembeni. "Asiyemjua?" akauliza. "Nani, mimi?" Na alikuwa amekasirika kweli, hakuwa anatania. Mtahini akaenda kumuuliza Bibi habari za basi la kesho.

Taratibu aliomba simu yangu akampigia mama, na haikuwa Jumapili. Nilimsikia mama akiuliza kwa hofu kuna nini, kisha, kwa kuwa ni mama yule yule, akauliza mguu umefikia wapi.

"Umefika gotini, mama," akasema Taratibu. Sauti ikamkatika hapo hapo. Akanipa simu niendelee mimi, na mimi nikashindwa vilevile.

Bibi alipika chakula cha kulisha shule. Tukiwa mezani ndipo nikagundua mzee hagusi yale machungwa, na wala hayaweki chini. Na mimi, baada ya kumtukana siku nzima moyoni, nikaona niwe na adabu japo mara moja. Nikamuuliza, "Mzee, kwani leo ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hospitali kuu, kule mji mkubwa," akasema. "Mke wangu amelazwa. Wanampasua moyo kesho asubuhi. Nilitaka anione kabla."

Kijiko cha Taratibu kikagonga sahani. "Na saa za kuwaona wagonjwa?"

"Zilipita nikiwa nimekaa pale kwenye benchi. Hospitali yenyewe nilikuwa naiona, iko ng'ambo ya barabara." Akayapanga machungwa vizuri ndani ya mfuko. "Sikuweza kwenda. Ningekwenda nalo begi, wewe ungekuja ungenikuta wapi?"

Sikujua nitazame wapi. Nilitamani anitukane, anipigie kelele, afanye kitu ambacho ningefanya mimi. Akamwomba Bibi chumvi.

Asubuhi tulipanda treni ya kwanza sote watatu. Safari hii niliusoma ule ubao neno kwa neno, nikausoma tena, nikamuuliza na mkaguzi wa tiketi tupande behewa lipi. Mzee alikuwa anatazama nje, na Taratibu, huyo huyo Taratibu, alikuwa anatikisa goti kama cherehani. Tuliposhuka alimshika mzee mkono, wakavuka barabara wanakaribia kukimbia. Sikuwahi kumwona akiharakisha mwenyewe, bila mimi kumkimbiza, kabla ya siku ile.

Tulimkuta mkewe ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, yuko kwenye korido, wauguzi wawili wanamsukuma. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimefunikwa kwa kofia ya hospitali, miwani puani. Alipomwona mzee alinyanyua mkono na wauguzi wakasimama.

"Jana nilikuwekea kiti," akasema. "Kilikaa wazi mpaka kengele ikapigwa. Ulikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima ya msamaha, maneno ya lugha yao nimeyapanga tangu alfajiri. Mzee akanitangulia.

"Nilikuwa namwangalizia kijana huyu mzigo wake," akasema.

Mwanamke akamgeukia Taratibu, akamwangalia kuanzia viatu hadi usoni. Taratibu aliinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Mzigo ulifika?" akamuuliza.

"Ulifika, mama," akasema Taratibu. "Umeshatembea hadi getini."

"Haya," akasema. Akavua miwani yake polepole, akaikunja, akaiweka kwenye kiganja cha mzee, akavifunga vidole vya mzee juu yake. "Basi na mimi niangalizie hii."

Wauguzi wakasukuma kitanda, mlango mkubwa ukafunguka, ukajifunga. Mzee akakaa kwenye benchi la korido, miwani magotini, mikono yote miwili juu yake, kama nilivyomkuta jana na begi letu. Taratibu akakaa upande huu. Mimi nikakaa upande wa pili na kwa mara ya kwanza mzee akakubali nimpokee kitu, akanipa mfuko wa machungwa nishike. Tulikaa hivyo tangu asubuhi hadi jua likahama madirisha. Watu walikuja wakatuambia kuna chumba cha kusubiria chenye viti laini, kuna chai. Mzee anatikisa kichwa tu.

Mlango ulipofunguka tena, kitanda kilikuja kikiwa na mirija na chupa. Muuguzi alitutazama akasema ameamka, lakini msimsemeshe sana. Mwanamke yule macho hayajafumbuka vizuri. Akautoa mkono chini ya shuka, akaunyoosha upande wetu, kiganja wazi, na mzee akampa miwani yake.